Ufundi wa Kusimama

Mgeni wa futiboli ya Kimarekani huukodolea macho mpira. Nami nilikuwa vivyo hivyo, hadi nilipojifunza kuwatazama wapokeaji wa pembeni katika zile sekunde chache kabla mpira haujaondoka chini. Hakuna anayekimbia, hakuna anayedaka. Wamesimama tu, na kusimama huko ni nusu ya kazi yao.

Uwanja ule una upana wa yadi 53 na futi 1, karibu mita 49. Mpokeaji akisogea pembezoni humvuta beki wake, na katikati kukabaki wazi kwa wenzake. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni: aliyesimama mbali mno hana tena pa kukatia kwenda nje. Basi anayekusudia kukata nje huanza ndani kidogo, na anayekusudia kuchepukia katikati hujitanua. Mabeki nao si wajinga. Nyayo hizo huzisoma kama barua isiyofungwa. Ndipo fundi anapojulikana: husimama palepale mara tatu, akakimbia njia tatu mbalimbali.

Kisha kuna sheria. Wachezaji wasiopungua saba lazima wawe kwenye mstari wa mpira, na katika hao ni wawili wa miishoni tu wanaoruhusiwa kudaka pasi. Kwa hiyo mpokeaji mmoja, aitwaye X, husimama mstarini, na mwenzake Z hukaa yadi moja hivi nyuma, upande wa pili. Yadi hiyo ina uzito wake. X anaweza kukabiliwa na beki ana kwa ana na kusukumwa kifuani mara mpira uondokapo. Ni kazi ya mwenye mikono mikali na miguu myepesi. Z amepata upenyo wa kupumua, tena anaweza kutembea kando kabla mchezo haujaanza. Lakini akijisahau akakanyaga mstarini, aliye ndani yake hupoteza haki ya kudaka. Ndiyo maana utawaona wakimgeukia mwamuzi wa pembeni, mkono umenyooshwa, wakihakikisha wako mahali pao.

Katika msimu wa 2021, Cooper Kupp wa Los Angeles Rams alidaka pasi 145, akapata yadi 1,947 na tachidauni 16, akaongoza ligi kwa yote matatu. Kocha wake, Sean McVay, alipenda kuwasogeza wapokeaji ndani, karibu na yale mapande ya watu ya mstari wa mbele. Ungedhani kule ndani kuna msongamano tu. Kumbe aliyeko pale ana uwanja kulia na kushoto, na beki hajui azibe wapi. Tena Kupp hakuona haya kumkinga mwenzake anayekimbia na mpira. Kwa hiyo kituo chake hakikufichua kama inakuja pasi au mbio.

Nimsifuye zaidi, hata hivyo, ni yule asiyerushiwa. Amesimama pembezoni, amekimbia kwa nguvu zake zote, beki kamfuata, na mpira umedakwa katikati, mahali alipopaacha wazi. Umati unamshangilia mwingine. Yeye anarudi polepole, anaangalia namba zilizochorwa nyasini, anasogea hatua moja ndani, anasimama tena.