Nuru Iliyokipa Chuma Kazi ya Rutheni

Kuitoa haidrojeni ndani ya amonia si jambo geni. Amonia ikipashwa moto mkali juu ya kichocheo, molekuli zake huvunjika zikawa naitrojeni na haidrojeni, bila hewa ya ukaa. Kikwazo ni gharama: kichocheo bora ni rutheni, metali adimu na ghali, ilhali chuma, kilichojaa kila mahali, hufanya kazi hiyo kwa kusuasua kwa sababu huing'ang'ania naitrojeni. Atomi za naitrojeni hugandama juu ya uso wa chuma na kuziba nafasi ambazo amonia nyingine ingevunjikia. Mwaka 2022, katika jarida la Science, kundi la Naomi Halas na Peter Nordlander wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, lilionyesha njia ya kukifungua kizibo hicho. Walitengeneza chembe ndogo mno za shaba zenye atomi za chuma. Shaba hunasa mwanga kama antena, elektroni zake hupata nguvu, na nguvu hiyo huisukuma naitrojeni iachie. Gizani, kichocheo hicho kilikuwa dhaifu takriban mara 300 kuliko cha shaba na rutheni; kilipomulikwa, vikakaribiana. Tofauti hiyo ndiyo ushahidi kwamba mwanga uliondoa udhaifu wenyewe wa chuma.

Wapo watakaosema taa za LED za kukimulika kichocheo hicho nazo hula umeme. Ni kweli, lakini kuivunja amonia kunadai nishati kwa njia yoyote, angalau asilimia 13 hivi ya ile iliyomo katika haidrojeni inayopatikana. Cha kupima ni kiasi kinachopotea juu ya hapo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba amonia nyingi duniani hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe. Maji yaliyochafuliwa kisimani hayasafishwi na uzuri wa mtungi. Hata hivyo, mtungi mzuri una thamani yake: amonia huwa kimiminika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, haidrojeni kwenye 253, na mita moja ya ujazo ya amonia hubeba kilo 120 hivi za haidrojeni, dhidi ya 71 za haidrojeni yenyewe iliyogeuzwa kimiminika kwa baridi. Kwa hiyo chuma kilichomulikwa kinaweza kupunguza bei ya kufungua mtungi. Usafi wa kilichomo utaamuliwa na umeme wa taa hizo, na kabla yake, na kiwanda kilichoitengeneza amonia.