Pepo na Mito ya Pate: Tuusomeje Upya Al-Inkishafi?

Kila muhula tunaposahihisha majibu ya wanafunzi wetu kuhusu Al-Inkishafi, tunakutana na sentensi ileile: kwamba mtunzi anaichukia dunia na kuitamani pepo. Jibu hilo hupewa alama, na sisi wenyewe tumelifundisha kwa miaka mingi. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na kwamba nusu iliyoachwa ndiyo inayoufanya utungo huu uendelee kusomwa.

Al-Inkishafi ulitungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, katika kipindi cha mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Pate, mji ulio katika visiwa vya Lamu, ulikuwa umetajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi, kisha ukadhoofishwa na ugomvi wa ndani na vita na majirani. Pigo moja kubwa lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1810, Pate na Wamazrui wa Mombasa waliposhindwa na watu wa Lamu huko Shela. Jina la utungo linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kufunuka, na anayefunuliwa ni moyo wa mtunzi mwenyewe. Anausemesha, anaukemea, kisha anauuliza wako wapi matajiri waliokuwa wakitembea kwa maringo.

Ni kweli kwamba dunia inakemewa vikali. Inafananishwa na vumbi linaloonekana katika mwale wa jua, ambalo mtu akitaka kulishika haoni kitu. Inafananishwa pia na kisima chenye ng'ombe mkali: anayekisogelea hupigwa pembe asipate maji. Hata hivyo, mwanafunzi mmoja alituuliza swali lililotunyamazisha: ikiwa mtunzi anaidharau dunia, mbona anaikumbuka vizuri hivyo? Anatutajia taa za kioo na za shaba, vyombo vya kauri ya China vilivyopangwa katika vidaka, vitanda vya kifahari, mito, manukato. Ndipo anapotuingiza katika nyumba zilezile zikiwa magofu, popo wakiruka, buibui wakitanda nyuzi na makinda ya ndege yakiwa katika vidaka vilivyokuwa na kauri. Mtu hakumbuki kwa undani namna hiyo kitu ambacho hakukipenda.

Jambo la pili linashangaza zaidi. Pepo, ambayo wanafunzi wetu huandika kwamba ndiyo inayotamaniwa, haielezwi kwa kirefu katika utungo huu. Baada ya magofu na makaburi tunafikishwa kwenye siku ya hukumu, na matoleo tunayoyafahamu huishia kwenye moto na majina yake. Basi hiyo hamu ya pepo imo wapi?

Kwa maoni yetu, imo ndani ya zile nyumba. Msikilizaji wa Pate aliyepitia chuoni alizifahamu sifa za pepo kama zilivyo katika Kurani. Sura ya Al-Ghashiya inataja vitanda vilivyoinuliwa, vikombe vilivyowekwa tayari, mito iliyopangwa safu na mazulia yaliyotandikwa. Sura ya Al-Insan inataja vyombo vya fedha na vya kioo. Msikilizaji huyo aliposikia habari za mito na vyombo vya mabwana wa Pate, hangekosa kukumbuka alikokwisha kuvisikia. Matajiri wale walikuwa wamejitengenezea pepo ndogo kwa mawe ya matumbawe. Kosa lao halikuwa kupenda vitu vizuri, kwa kuwa imani yenyewe huwaahidi waja vitu vizuri. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba vimekwisha kufika na havitaondoka.

Tukisoma hivyo, hata kile kisima kinabadilika. Mtunzi haicheki kiu ya anayekiendea. Kiu ni ya kweli na maji yanahitajika. Kilichokosewa ni mahali pa kuyatafuta. Sura ya Al-Qasas nayo inamwambia mja atafute makazi ya akhera kwa yale aliyopewa na Mungu, wala asisahau fungu lake la duniani. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, anaifuata njia hiyo waziwazi: kwake safari ya peponi inapitia nyumbani, katika usafi, adabu na wajibu wa ndoa. Tunaweza kubishana naye kuhusu nafasi anayompa mume, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba anaikimbia dunia.

Fani pia inaunga mkono usomaji huu. Katika kila ubeti mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unarudi kwenye kina cha -ye kinachodumu tangu mwanzo. Katika beti kadhaa kina hicho ni mwisho wa kitenzi cha lahaja za kaskazini kinachoonyesha jambo lililokwisha kutendeka. Mistari mitatu inajenga, wa nne unafunga. Mwanafunzi anayesoma tafsiri ya Kiswahili sanifu pekee hawezi kulisikia hilo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili kwa walimu wenzetu, hasa sisi tunaofundisha mbali na pwani, katika madarasa yenye wanafunzi wa dini mbalimbali. Kwanza, tusiruke lahaja. Saa moja ya kueleza kwamba vidaka ni zidaka na maji ni mai haipotei bure. Pili, tusiifundishe imani ya Kiislamu kana kwamba ni chuki ya dunia. Mwanafunzi Mwislamu atajiona amesingiziwa, na asiye Mwislamu ataondoka na picha isiyo ya haki.

Na katika mtihani ujao, badala ya kuuliza kwa nini mtunzi anaichukia dunia, tuulize anamlilia nani. Tunaamini majibu yatakuwa marefu zaidi, na sisi wasahihishaji tutajifunza kitu.