Sufuria ya Kuokea Kuku: Ipime kwa Mkono Kabla ya Kuilipia

Kuku wa kienyeji aliyekulia kwenye boma za Kimilili ana nyama ngumu na tamu, na utamu wake hautolewi na moto wa haraka. Anataka joto la wastani kwa saa moja na nusu au mbili, mvuke ubaki ndani, kisha ngozi ikauke na kupata rangi mwishoni. Mji wenyewe, kwa kukaa miteremko ya chini ya Mlima Elgon, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, unaongeza kazi: maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100, hivyo nyama huchelewa kulainika kuliko inavyokuwa Mombasa. Mpishi anaweza kuvijua viungo vyote na bado akaandaa kuku aliyeungua mgongo huku mapaja yakiwa mabichi, kisa chombo chake ni chembamba.

Kazi ya chombo cha kuokea ni kuutuliza moto. Kinapokea joto kali la makaa, kinalisambaza, kisha kinalitoa polepole. Kazi hiyo hufanywa na unene wa kitako na kuta. Mng'aro, rangi na jina lililochapwa ubavuni havisaidii lolote hapo, ingawa ndivyo vinavyotangulia kumvuta mnunuzi.

Nyumba nyingi za kwetu, hata zenye jiko la gesi, huokea kwenye makaa. Sufuria hutiwa makaa machache chini, kifuniko kikawekwa makaa mengi zaidi juu, joto likaja kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo chombo cha kuokea hapa ni sufuria pana yenye kifuniko bapa. Mwenye oveni atatumia trei, na vipimo vingi ni vilevile.

Jua madini unayouziwa

Alumini hupitisha joto mara tatu hivi kuliko chuma, na zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi. Ndiyo sababu imeteka majiko yetu: ni nyepesi, inapata moto upesi, haishiki kutu. Lakini inakuja kwa sura mbili tofauti sana.

Ya kwanza ni sufuria ya bati, inayotengenezwa kiwandani kwa karatasi za alumini, kama zile za Kaluworks ambazo Wakenya wamepikia kwa vizazi. Uliza geji, yaani namba ya unene wa bati, na ukumbuke kwamba namba inavyopanda, bati linakuwa jembamba. Sufuria nyembamba inafaa chai na mboga. Ukimweka kuku ndani na makaa chini, kitako kitajikunja baada ya miezi michache, kisha kila chakula kitaungua katikati.

Ya pili ni sufuria ya kumiminwa, ile nzito ya kijivu ya mafundi wa jua kali. Fundi huyeyusha alumini chakavu, ambayo ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, akaimimina kwenye kalibu ya mchanga. Kuta zake huwa nene mara kadhaa kuliko za bati, na kwa kutuliza moto haina mpinzani kwa bei yake. Ina hatari zake pia, nitazieleza.

Chuma cha kalibu ndicho bora kwa kuoka. Kinachelewa kupata moto na kinachelewa kupoa, nacho kikipakwa mafuta na kuchomwa vizuri hujenga utando mweusi usioshika chakula. Uzito wake ni mkubwa, na kikiachwa na maji kinashika kutu. Ukikiona Kitale au Bungoma kwa bei unayoimudu, kikague na ukichukue.

Stenlesi haitoi kwenye chakula kitu cha kutia hofu, lakini ikiwa nyembamba huunguza pale pale moto unapogusa. Tafuta yenye kitako cha tabaka, alumini ikiwa imebanwa katikati.

Kuna kimoja cha kukataa kabisa: trei au karai lililokunjwa kwa mabati ya kuezekea au kwa pipa kuukuu. Mabati hupakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, joto ambalo makaa yaliyopepewa hulifikia bila shida. Ndimu na nyanya nazo huimumunya hata kwa joto dogo. Pipa nalo hujui lilibeba nini.

Vipimo vya kufanya ukiwa dukani

Anza na uzito. Shika sufuria mbili za ukubwa mmoja, moja kila mkono. Iliyo nzito zaidi ndiyo ya kuendelea kuipima.

Bonyeza kitako kwa vidole gumba viwili kutoka ndani. Kikibonyea na kurudi kwa mlio, irudishe rafuni. Kisha shika ukingo kwa mikono miwili na ujaribu kuupinda. Chombo cha kuokea hakipaswi kucheza hata kidogo.

Pitisha vidole kwenye ukingo mzunguko mzima, kidole gumba ndani, cha shahada nje. Kwa sufuria ya kumiminwa, hapa ndipo fundi hodari na wa kubahatisha wanapoachana. Kalibu ikisogea kidogo wakati wa kumimina, upande mmoja hutoka mnene na wa pili mwembamba. Vidole vinaitambua tofauti ambayo macho hayaioni. Unene wa milimita nne au tano, sawa kila upande, unatosha maisha yote.

Ninginiza sufuria kwa kidole kimoja uigonge kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili. Sauti iwe moja, inayoendelea kidogo kabla ya kufa. Mlio uliokatika au unaokwaruza ni dalili ya ufa.

Itazame ndani kwenye mwanga wa jua. Vitundu vidogo kama vya sindano hutokana na hewa iliyonaswa wakati madini yanaganda, na vipele ni mchanga wa kalibu. Vikiwa vichache ukutani, si neno. Vikiwa kitakoni, omba maji. Jaza sufuria, futa chini pakauke, iweke juu ya gazeti ukiendelea na maongezi. Gazeti likilowa, umepata jibu. Angalia pia madoa yanayong'aa tofauti na sehemu nyingine: huenda ni tundu lililozibwa kwa kupigwa nyundo, na moto utalifungua tena.

Iweke juu ya kaunta ya kioo au ubao ulionyooka, ubonyeze ukingo huku na huku. Isiyumbe. Kitako kikiwa kimeingia ndani kidogo sana, usijali, kwani hutanuka kikipata moto. Kikiwa kimetokeza nje, acha.

Masikio ya sufuria ya kumiminwa yawe yamemiminwa pamoja na mwili wake. Ya bati yawe na ribiti mbili au zaidi kila upande, zilizokaa kikiki. Ingiza mkono ukiwa umeshika kitambaa, maana hivyo ndivyo utakavyoibeba ikiwa na kuku, viazi na mchuzi wa moto. Sikio la plastiki halifai kabisa kwa kuokea.

Mwisho, kifuniko. Kizungushe juu ya sufuria: kikae vizuri kila upande, si mahali pamoja tu. Kiwe bapa, kizito, na chenye ukingo mfupi ulioinuka, ili makaa yasiporomoke. Wauzaji wengi watakwambia, "Mama, kifuniko chochote kitaingia." Kwa chai, sawa. Kwa kuku wa saa mbili, mvuke ukitoroka, nyama imekauka.

Kile ambacho mkono hauwezi kupima

Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya sufuria za kumiminwa kutoka Cameroon, wakionyesha kwamba zilitoa madini ya risasi kwenye chakula. Mwaka 2017 wakachapisha vipimo vya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na zaidi kidogo ya theluthi moja vilitoa risasi. Mwaka 2024 jimbo la Washington nchini Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti risasi kwenye vyombo vya kupikia. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na haina ladha wala rangi ya kukuonya.

Chanzo ni chakavu kinachoyeyushwa. Basi muulize fundi alichotia kwenye tanuri. Sufuria kuukuu, waya za umeme na fremu za madirisha ni afadhali. Radieta na vipande vya injini vina mchanganyiko wa madini mengi, na fundi asiyetaka kujibu usinunue kwake. Chombo cha kiwandani kitafutie alama ya ubora ya KEBS, ambayo namba yake ya kibali inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.

Sufuria ya kumiminwa iwe ya kuku, viazi na nyama. Chakula chenye nyanya nyingi au ndimu kipikie kwenye stenlesi, na kisilale ndani ya alumini. Mboga za kienyeji zinazotiwa munyu, ile chumvi ya majivu, zina ukali unaokula alumini. Mrenda na kunde zirudi kwenye chungu cha udongo, panapozifaa.

Kuitunza

Sufuria mpya ioshe kwa sabuni, kisha ichemshie maji mara mbili ukiyamwaga. Ndani usisugue kwa waya wa chuma hadi ing'ae. Ule utando wa kijivu ndio kinga kati ya alumini na chakula, na kila ukiukwangua unafungua madini upya. Usiiache tupu juu ya makaa, na usiimwagie maji baridi ikiwa bado na moto.

Ukubwa unaofaa

Kwa kuku mmoja na viazi, upana wa sentimita 30 unatosha. Nafasi ikizidi, mchuzi unasambaa na kuungua. Mwenye oveni apime kwanza ndani yake kwa uzi, na trei ibakishe sentimita tatu au nne kila upande ili hewa ya moto izunguke.

Wengi hununua kubwa wakiwaza Agosti ya miaka shufwa, msimu wa tohara, ambapo boma la Wabukusu hulisha kijiji kizima. Kwa siku hizo, vyama vya akina mama vina sufuria kubwa za kukodisha, na kukodi ni busara. Kwa mlo wa Jumapili, pesa uliyo nayo iweke kwenye unene: nunua ndogo nene, uiache kubwa nyembamba. Ile ndogo itawaokea wajukuu zako.