Istilahi za Zimamoto na Usalama wa Mzimamoto: Uhakiki

Wafasiri wengi hudhani kwamba kazi ya kuzima moto haina tatizo la istilahi. Moto ni moto, maji ni maji, ngazi ni ngazi, na Kiswahili kina maneno ya mambo hayo tangu zamani. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli. Hivi karibuni tuliletewa tuihakiki rasimu ya mwongozo uliofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya viongozi wa vikosi vya zimamoto. Sura zinazoeleza moto, pampu na mipira ya maji zimefasiriwa kwa ufasaha wa kuridhisha. Shida ilianza pale mwongozo ulipoacha kuuzungumzia moto ukaanza kumzungumzia mtu anayeuzima: afya yake, mafunzo yake, kiongozi wake, na namna ya kumrudisha nyumbani akiwa hai. Hapo mfasiri aliishiwa, akaokota maneno yaliyokuwa karibu, ya ofisini na ya magazetini. Hatutamtaja mfasiri huyo, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Yamo katika taarifa na barua tunazozisoma kila siku.

Tuanze na neno zoezi. Mwanafunzi anajua kwamba zoezi ni jambo linalofanywa ili kujifunza au kujipima. Lakini kwa miaka mingi sasa lugha ya ofisi imelitwisha neno hili kila shughuli: zoezi la kuandikisha wapiga kura, zoezi la kuhesabu watu, zoezi la kulipa mishahara. Jengo lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 2024, tulisikia mara nyingi kwamba "zoezi la uokoaji" lilikuwa likiendelea, ilhali watu walikuwa wamefukiwa kweli na waokoaji walikuwa wakichimba kweli. Wasikilizaji hawakupotoka, maana habari yenyewe waliijua. Mwongozo wa kazi hauna bahati hiyo. Rasimu tuliyoletewa inaagiza: "Wakati wa zoezi kiongozi ahakikishe kila askari ana mwenzake." Zoezi lipi? La uwanjani, au la nyumba inayoteketea? Na inaposema kwamba askari kadhaa "walipoteza maisha katika zoezi", msomaji hawezi kujua kama walikufa wakijifunza au wakiokoa. Tofauti hiyo si ndogo. Anayekufa katika moto uliowashwa makusudi ili wanafunzi wajifunze hakuwa na mtoto wa kumtoa dirishani; kifo chake kinamtaka mkufunzi ajibu maswali ambayo pengine hayaulizwi katika moto wa kweli. Tunapendekeza mafunzo libaki kuwa jina la jumla la kufundishwa, zoezi liwe la kujaribia tu, na shughuli halisi iitwe kwa jina lake, yaani kazi ya kuzima moto au kazi ya uokoaji.

Hata neno mafunzo halikusalimika, ingawa hapa lawama ni ya utani wa Waswahili kuliko ya mfasiri. Katika mazungumzo ya Tanzania, jambo likifanywa kwa haraka bila maandalizi husemwa limefanywa kwa mtindo wa zimamoto. Mwanafunzi husoma kwa zimamoto usiku wa kuamkia mtihani. Basi ukimwambia mtumishi kwamba kuna "mafunzo ya zimamoto" wiki ijayo, ana haki ya kuuliza kama ni mafunzo ya kuzima moto au ni semina ya kulipualipua. Hatudai utani huo ufutwe. Lugha haiendeshwi kwa amri. Lakini ni ajabu kidogo kwamba watu wanaotakiwa kujiandaa kuliko wengine wote wamegeuzwa kuwa mfano wa kutojiandaa. Katika maandishi rasmi yatosha kusema mafunzo ya wazimamoto.

Kosa linalofuata ni la ukweli wa kitu chenyewe. Chombo anachokibeba mzimamoto mgongoni rasimu inakiita "mtungi wa oksijeni", na magazeti nayo hukiita hivyo. Katika vifaa vya kawaida vya kuingilia katika moto, mtungi ule una hewa iliyoshindiliwa, hewa hii hii tunayoivuta, ambayo oksijeni ni kama sehemu moja tu katika tano. Oksijeni tupu huchochea moto, na kuiingiza katika nyumba inayowaka ni kutafuta balaa. Mtunza ghala anayeagiza mitungi kwa kufuata neno lililomo katika mwongozo anaweza kuletewa kitu kingine kabisa. Mtungi wa hewa ni jina fupi na la kweli. Hatuoni sababu ya kuliongeza wala kulipunguza.

Tukija kwa neno usalama, tunakuta mzigo mkubwa zaidi. Kiingereza kina maneno mawili pale ambapo sisi tuna moja: la kwanza ni la kujikinga na ajali na madhara, la pili ni la kujilinda na adui au mhalifu. Sisi tunasema usalama barabarani, usalama mahali pa kazi, na pia usalama wa taifa, na kwa kawaida neno linaloandamana nalo hutuongoza. Katika rasimu neno liliachwa peke yake. Mwongozo unaeleza kwamba panapozimwa moto mkubwa hapana budi awepo afisa mmoja asiyeshika mpira wala kutoa amri za kuzima. Kazi yake ni kutazama paa, kuta, moshi na uchovu wa watu, na anao uwezo wa kusimamisha kazi mara moja anapoona hatari. Mfasiri amemwita "afisa usalama". Kwa Mtanzania wa kawaida afisa usalama ni mtu asiyetaka kujulikana, na kazi zake huulizwi. Huyu wa zimamoto anatakiwa ajulikane na kila mtu, avae kizibao cha rangi yake, na sauti yake isikike! Tulifikiria "mlinzi", tukaliacha kwa sababu mlinzi ni wa mali na lango. Tunapendekeza afisa tahadhari. Tahadhari ni neno la zamani, linaeleweka toka Lamu hadi Kigoma, na ndiyo hasa kazi yake.

Neno lililotushughulisha kuliko yote ni kutoroka. Rasimu inazo "njia za kutorokea" na "moto wa kutorokea". Mfasiri alifungua kamusi, akakuta kisawe, akaridhika. Lakini anayetoroka ni mfungwa, mtoro wa shule, mdeni, au askari aliyeiacha zamu yake. Neno hili lina aibu ndani yake. Kumwambia askari, mbele ya wenzake, kwamba kabla hajaingia ahakikishe ana njia ya kutorokea ni kumwambia kwamba kujiokoa ni uoga. Atakubali kwa mdomo, kisha aingie bila kuitazama njia hiyo.

Ubaya wa istilahi hiyo unaonekana wazi tukikumbuka asili ya ule "moto wa kutorokea". Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana nchini Marekani, wazimamoto 15 waliruka kwa miavuli kwenda kuzima moto wa msitu, na mlinzi mmoja wa msitu akajiunga nao. Jioni upepo uliusukuma moto ukaruka bonde, ukaanza kuwapandia mlimani katika nyasi kavu kwa kasi kuliko miguu ya mtu. Kiongozi wao, Wagner Dodge, aliwaamuru watupe zana zao wakimbie. Kisha, alipoona hawatafika juu, alifanya jambo ambalo vijana wake hawakuwahi kufundishwa: aliwasha kiberiti, akazichoma nyasi zilizokuwa mbele yake, akaingia katika majivu yake mwenyewe akalala kifudifudi, huku akiwaita wenzake waingie pamoja naye. Hakuna aliyeingia. Walimpita wakikimbia. Watu 13 walikufa. Dodge alipona, na vijana wawili walipona kwa kupenya ufa wa miamba karibu na kilele.

Mengi yameandikwa juu ya tukio hilo kuhusu uongozi na imani baina ya mkuu na watu wake. Sisi tunaongeza la fani yetu. Katika kikosi kile, jambo alilolifanya Dodge halikuwa na jina. Hakuwa na neno moja la kuwapigia kelele ambalo wangalilitambua. Mtu aliyekulia mashambani anaelewa upesi kwamba pahali palipokwisha kuungua hapaungui tena. Lakini kuelewa baada ya kuelezwa ni jambo moja, na kutii katika nusu dakika, moto ukiwa mgongoni, ni jambo jingine. Hatusemi kwamba neno pekee lingaliwaokoa. Mafunzo ndiyo yangaliwaokoa. Lakini mafunzo hayatolewi bila majina ya vitu. Leo jambo hilo lina jina katika Kiingereza, na zamu imefika ya Kiswahili. Tukiliita "moto wa kutorokea" tutakuwa tumelipa jina ambalo askari shupavu atalikataa. Tunapendekeza moto wa kujinusuru, na kwa njia, njia ya kujinusuru. Kunusurika hakuna aibu. Anayenusurika hupewa pongezi.

Sura ya afya katika rasimu ni fupi, na kwa maoni yetu ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na likataja kwamba ushahidi unatosha kwa saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya utando unaozunguka mapafu. Jambo hilo linabadilisha maana ya maneno tuliyoyaona kuwa mepesi. Masizi, kwa mfano. Kwetu masizi ni uchafu wa sufuria. Unasuguliwa kwa mchanga yakaisha. Katika vikosi vingi duniani kofia iliyosawijika kwa masizi ilihesabiwa nishani ya aliyepigana. Rasimu inaagiza mavazi "yasafishwe" baada ya moto, na askari atakung'uta vumbi akaona ametimiza. Kinachotakiwa ni kuondoa sumu, na heri neno liseme hivyo: uondoaji sumu. Mahali pengine mfasiri ametumia "kutakasa", neno linalomkumbusha msomaji ibada kuliko bomba la maji na sabuni.

Rasimu inasema pia kwamba vifaa vya kupumulia vivuliwe "moshi ukiisha". Moshi ni kitu kinachoonekana. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hubaki katika chumba ambacho macho yanakiona kimekwisha kusafika. Hapo ndipo askari, akifukua vifusi kutafuta makaa, huvua barakoa yake. Kuiita gesi hiyo "hewa ukaa", kama ilivyofanywa katika ukurasa huo huo, kunazidisha utata, kwa sababu hewa ukaa imekwisha kuzoeleka kuwa kaboni dioksidi. Tuseme hewa sumu, na aagizwe asivue mpaka ipimwe.

Lipo na hili la moyo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba karibu nusu ya vifo vya wazimamoto kazini vilitokana na maradhi ya moyo, wala si kwa kuungua. Rasimu inaandika kwamba askari hao walikufa kwa "mshtuko wa moyo". Neno hilo limeenea na madaktari wanalitumia, nasi hatuna mamlaka ya kuling'oa. Lakini masikioni mwa watu kufa kwa mshtuko ni kufa kwa kushtushwa: mtu kapewa habari mbaya, kaanguka. Mjane anayesoma kwamba mumewe, aliyezima moto miaka 20, alikufa kwa mshtuko ana haki ya kuona kwamba marehemu ametukanwa. Katika maandishi ya zimamoto heri tuandike kuziba kwa mshipa wa moyo pale daktari aliposema hivyo, na maradhi ya ghafla ya moyo pale ambapo hakueleza zaidi.

Kuhusu uongozi tutasema machache. Neno hili katika ofisi zetu lina maana mbili, yaani sifa ya mtu anayeongoza, na kundi la wakubwa. "Uongozi unawatangazia wafanyakazi wote" ni wakubwa. "Alionyesha uongozi" ni sifa. Rasimu inaposema "ajali nyingi husababishwa na uongozi", mwandishi wa Kiingereza alikusudia upungufu wa sifa hiyo katika mtu anayesimamia moto, lakini kila askari atakayeisoma atacheka na kuwatazama wakubwa wake. (Pengine hatakuwa amekosea sana.) Usimamizi wa tukio unatosha hapo, na anayeufanya awe msimamizi wa tukio, awe na cheo kikubwa au kidogo.

Baadhi ya wasomaji watauliza kuhusu jina la chombo chenyewe, maana Tanzania Bara ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Zanzibar ina Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, na Wakenya husema wazima moto kwa maneno mawili. Majina yaliyowekwa kwa sheria hatuyagusi. Katika istilahi za kazi, hata hivyo, tunaona uokoaji lifae zaidi kwa tendo linaloendelea na uokozi kwa matokeo yake, na mzimamoto liandikwe neno moja, ili lisichanganywe na mtu yeyote aliyemwagia maji jiko.

Limebaki neno moja ambalo hatujaliridhia. Mwaka 1991 Paul Gleason, mzimamoto wa misitu wa Marekani, aliyafupisha masharti ya usalama kuwa mambo manne: mtu wa kuutazama moto kwa niaba ya wenzake, mawasiliano, njia za kujinusuru, na mahali pa kukimbilia. Matatu ya mwisho yanasemeka. La kwanza rasimu imeliita "mpelelezi", na hilo halifai hata kidogo. "Mwangalizi" linavumilika, ila limechoka kwa kuangalia uchaguzi na mitihani. Bila shaka liko neno pwani kwa yule anayetazama mbele kwa ajili ya chombo kizima, au bara kwa yule anayewalindia wenzake ndege shambani. Walimu, wafasiri na hasa askari wa zimamoto walio na neno la namna hiyo wanaombwa watuletee, pamoja na maelezo ya mahali linapotumika, kabla rasimu haijarudishwa kwa wenyewe.