Neno “Mgeni” Kifuani: Beji ya Kiwanda cha McLean

Kitu hakikosi maana kwa udogo wake. Beji ya mgeni anayezuru kiwanda cha kale cha kupasulia mbao cha McLean, karibu na mji wa Port Alberni katika Kisiwa cha Vancouver, nchini Kanada, hufunikwa na kiganja kimoja. Lakini yafaa isomwe kama lisomwavyo shairi fupi, kwa kupima neno lililomo na neno lililoachwa.

Mambo inayoyasema ni mawili: jina la kiwanda, na cheo cha mvaaji, yaani mgeni. Jambo la kwanza ni la haki. R. B. McLean na wanawe walikiendesha kiwanda hicho kwa nguvu ya mvuke tangu 1926 hata 1965. Magogo yalikusanywa bwawani, yakavutwa juu hadi kwenye misumeno, yakatoka mbao. Mwaka 1989 Kanada ilikitambua kuwa mahali pa kihistoria pa taifa, na mwaka 2000 kikafunguliwa kwa watazamaji. Ukoo uliojenga kitu wastahili kutajwa.

Jambo la pili ndilo lenye mashaka. Kiingereza kina neno mbali kwa mtu ajaye kutazama, mbali kwa mtu akaribishwaye nyumbani, na mbali kwa mtu asiyejulikana. Kiswahili huwakusanya wote watatu katika neno moja, mgeni. Huenda msomaji akadhani huo ni upungufu wa lugha. Lakini hapa ni nguvu yake, kwa sababu hulazimisha swali ambalo beji haikukusudia kuliuliza: katika kiwanda hiki, mgeni alikuwa nani?

Kiwanda hakikuwa mashine peke yake, bali kijiji pia. Wazungu, Wachina, Wajapani na Wahindi walifanya kazi pale, na malazi yao yalitengwa kwa asili zao. Wahenga wa Kiswahili walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii haisemi juu ya kazi tu. Apewaye jembe huwa ameingia katika hesabu ya watu wa nyumba. Wafanyakazi wa asili ya Asia walipewa jembe, wala nyumba haikuwahesabu. Wachina na Wahindi wa British Columbia hawakupata haki ya kupiga kura mpaka 1947, na Wajapani mpaka 1949. Mwaka 1942, wakati wa vita, watu wa asili ya Kijapani waliokaa pwani ile, hata waliozaliwa Kanada, walihamishwa kwa amri ya serikali; mali zao zikauzwa, na hawakuwa huru kurudi pwani mpaka 1949. Nao wenyeji hasa wa bonde lile, Hupacasath na Tseshaht, waliokuwako kabla ya kiwanda chochote, walinyimwa kura ya jimbo mpaka mwaka huo huo.

Basi beji humwita mgeni mtu ajaye asubuhi, akapokewa kwa heshima, akarudi kwake jioni. Waliokaa miaka mingi wakiyabeba magogo walikuwa wageni pasipo beji wala heshima. Mwenye kuitetea atasema kwamba beji si kitabu, na kwamba habari hizo zina mahali pake penginepo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haiondoi lawama. Ufupi huhalalisha kuacha mengi, hauhalalishi kuacha lililo kubwa. Na hapa neno moja tu, watu, likiandikwa kando ya kiwanda, lingetosha kugeuza maana yote.

Hata hivyo beji hii ina sifa isiyopatikana katika makumbusho mengi ya vitu vya kale: humkumbusha mvaaji kwamba nyumba si yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema methali nyingine. Na uponyaji huo hauji kwa kustaajabia misumeno na boila peke yake. Mgeni aliyelisoma vema neno alilolivaa kifuani atayatazama mashine, kisha atauliza mabweni yalikuwa wapi, na nani alilala lipi.