Raba ya Ukuta Unaotembea

Mwaka 1990 kampuni ya Newmar ya Nappanee, Indiana, ilileta sokoni gari-nyumba lenye chumba kinachochomoza ubavuni. Gari likishaegeshwa, mwenyewe hubonyeza swichi, na kipande kizima cha ukuta, pamoja na kochi na dirisha lake, husogea nje na kuipanua sebule. Raha hiyo ilikuja na kazi ngumu. Ubavu wa gari umetobolewa tundu kubwa kuliko mlango, na mvua haitakiwi kupita hapo chumba kikiwa nje, kikiwa ndani, wala gari likiwa mbioni barabarani.

Mzigo huo umebebeshwa raba. Fundi wa jahazi akikalafati, hushindilia pamba kati ya mbao zilizokwisha kutulia mahali pake. Huyu wa gari-nyumba anaziba mwanya ambao upande wake mmoja unatembea. Ndiyo maana raba zake huwa za namna mbili. Moja ina tumbo lenye uwazi ndani, na hubanwa chumba kinapofika mwisho wa mwendo wake. Nyingine ni ulimi mwembamba unaoufuta ukuta chumba kinapopita. Chumba kikitoka, ulimi huvutwa kuelekea nje na kuyamwaga maji. Kikirudi, hugeuka kuelekea ndani. Hugeuzwa hivyo kila safari, miaka nenda miaka rudi.

Raba nyingi za kazi hii ni za EPDM, mpira wa viwandani unaostahimili jua kuliko mpira wa asili. Hata hivyo jua la Arizona, wanakokimbilia wastaafu wengi wakati wa baridi, huushinda mwishowe. Tumbo hubaki bapa hata likiachiwa, na ulimi hupasuka kwenye pembe.

Fundi mzuri utamjua kabla hajashika raba mpya. Huanza na sakafu ya chumba, akiidunga kwa ncha ya bisibisi, hasa kwenye pembe za chini, maana mbao huweza kuoza ndani kwa ndani huku juu hakuna doa. Bisibisi ikizama, raba itasubiri mpaka mbao itengenezwe. Kisha hukata kipande cha raba ya zamani, akapima kimo cha tumbo na upana wa ulimi. Akikosea akachukua nene, mota italemewa. Akichukua nyembamba, mwanya utabaki.

Halafu huja kubandua, na hapa ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine popote. Gundi kongwe haitoki kwa hasira. Ataipasha moto kidogo, ataikwangua kwa plastiki badala ya chuma ili rangi isichanike, atapangusa kwa spiriti, atapitisha kidole, kisha atarudia. Silikoni iliyosalia, hata utando usioonekana, huifanya gundi mpya iachie. Muda mwingi wa kazi huishia hapo, na mteja hataona chochote cha kumsifia.

Kuweka raba mpya ni haraka zaidi, lakini kuna mtego. Mpira huvutika, na mkono wenye pupa huuvuta bila kujua ili ufike pembeni. Baada ya muda utajirudi, na pembe itaachama. Kwa hiyo fundi huulaza tu, akiubana kidogokidogo kwa kiganja, na hukata kwa kuzidisha kidogo kuliko kipimo. Penye pembe huzikata ncha mbili kwa mshazari wa nyuzi 45, huzikutanisha, huziondoa, hupunguza unywele mmoja, huzikutanisha tena. Raba ya juu huipandisha juu ya zile za ubavuni, ili maji yateremke bila kukuta mdomo wazi.

Chumba kikisharudishwa, huchomeka karatasi kati ya raba na ukuta, akaivuta, akisogea hatua kwa hatua kuzunguka tundu lote. Inapotoka kwa ulaini kuliko kwingine, hapo panarekebishwa. Mwisho ni maji ya bomba, yasiyo na nguvu ya kuosha kwa presha, huku mwenzake amekaa ndani na tochi. Huanzia chini na kupanda taratibu, maana akianza juu maji yatateremka kotekote, na likionekana tone ndani hatajua limeingilia wapi.