Wanaitikia "Ndio Mzee", Lakini Wameelewa?



Katika harusi moja ya Watanzania hapa Stockholm, dijei aliamua kutukumbuka sisi wazee. Akaweka "Ndio Mzee" ya Professor Jay. Watoto wetu waliozaliwa huku waliingia kucheza kabla yetu, na kila kiitikio kilipofika waliitikia kwa sauti moja, matamshi safi kabisa. Mmoja wetu akasema, "Mnaona? Kiswahili hakijapotea, muziki unakilinda." Baadaye tulimwuliza kijana wa miaka 16 wimbo ule unasema nini. Akajibu kwa adabu: "Unafundisha kuheshimu wakubwa, anko."

Tulicheka sana. Tulipokuwa kwenye treni ya kurudi nyumbani, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Kwa waliosahau, wimbo huo umo katika albamu ya "Machozi, Jasho na Damu" ya mwaka 2001. Mwanasiasa anahutubia wananchi na kumwaga ahadi, na kila ahadi inaizidi ya kwanza kwa ukubwa. Umati unaitikia tu, ndio mzee. Ufundi wa wimbo uko hapo hapo. Neno tulilofundishwa kuwa ni la heshima linageuzwa kuwa kisu, bila mwimbaji kutukana hata mara moja. Na kwa maoni yetu, anayechekwa zaidi si mwanasiasa. Ni umati unaoitikia bila kuuliza. Historia nayo ikaongeza kejeli yake: mwaka 2015 Professor Jay mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, akawa bungeni hadi 2020.

Sasa fikirini. Watoto wetu wanaitikia wimbo unaowacheka wanaoitikia bila kuelewa. Kejeli hiyo hata Professor hakuipanga.

Lakini tusiwaonee. Sisi nasi tulipokuwa na umri wao, mwaka 1985, Franco na TPOK Jazz walitoa "Mario", na tuliucheza mpaka viatu vikalia. Kilingala hatukukijua. Ni wakubwa waliofahamu mambo ya Kongo waliotueleza kwamba Franco anamsema kijana anayekula na kulala kwa mwanamke aliyemzidi umri, wala hataki kazi. Tangu hapo neno likahamia mitaani kwetu, na mpaka leo mwanamume wa namna hiyo anaitwa marioo. Basi muziki unaweza kweli kuleta neno jipya katika lugha. Ila neno lile halikuja na gitaa peke yake. Alikuwepo mtu wa kutueleza.

Wapo watakaosema vijana wa siku hizi hawasikilizi maneno, wanataka mdundo tu. Hatukubali. Kaa na mtoto wako asikilize rapu ya Kiswidi, utaona. Tangu vijana wa The Latin Kings kutoka Botkyrka, kusini mwa jiji hili, walipotoa "Välkommen till förorten" mwaka 1994, Kiswidi cha vitongojini kimekuwa lugha ya ushairi. Watoto wetu wanaielewa mizaha yake yote. Wanajua nani anasemwa, kwa nini, na lini mwimbaji anamaanisha kinyume cha anachosema. Masikio yao ni mazima. Kinachokosekana katika nyimbo zetu ni mfasiri, na mfasiri huyo alipaswa kuwa mimi na wewe.

Sisi tuliosomea uhandisi tunalijua jambo hili. Mawimbi ya redio yanaweza kufika kwa nguvu zote, lakini kama mpokeaji hana njia ya kuyatafsiri, yanabaki kelele. Ukiongeza sauti unaongeza kelele.

Hasara yake si ya harusini tu. Kwa sheria ya elimu ya Sweden, mtoto hupewa somo la lugha ya mama, modersmål kama tunavyoliita sote, pale lugha hiyo inapotumika kila siku nyumbani na yeye mwenyewe anapokuwa na msingi wake. Tena manispaa hailazimiki kulifungua kama wanafunzi hawafiki watano au mwalimu anayefaa hakupatikana. Hakuna mahali sheria inapouliza mtoto anajua viitikio vingapi. Tukimsemesha Kiswidi Jumatatu hadi Ijumaa, kisha Jumamosi tukamwekea Bongo Fleva, tumemnyima haki yake kwa mikono yetu huku tukicheza.

Ushauri wetu ni mdogo na hauna gharama. Weka wimbo, usimamishe katikati, muulize mtoto: hapa kasema nini? Anasema kweli au anatania? Akikosea, mweleze kwa Kiswahili, hata kama itachukua muda mrefu kuliko wimbo wenyewe. Naye akuulize kuhusu Franco, na wewe umuulize kuhusu Botkyrka. Mtakuta mna mengi ya kuzungumza kuliko mlivyodhani.

Yule kijana wa harusini tulimtafuta wiki iliyofuata, tukausikiliza wimbo pamoja mpaka mwisho. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunajicheka wenyewe."

Tulitaka kumjibu ndio. Tukaona aibu, kwa sababu waliojicheka zaidi walikuwa wazee wake.